Dakika 15 za Kwanza

"Mwanangu, jina langu si umeshaliandika hapo? Mbona unaniuliza tena?"

Mzee mmoja aliniambia hivyo nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake na mfuko wa damu mkononi. Nilimwomba radhi, na bado nikamtaka ataje majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa. Nikalinganisha na utepe wa mkononi, na lebo ya mfuko, na fomu ya maabara. Muuguzi mwenzangu akarudia yote hayo kivyake. Mzee akatuona tunamchezea.

Heri anione msumbufu. Ukitaja kuongezewa damu, wengi huwaza virusi. Mimi nikiwa wodini naogopa zaidi jina. Tangu Karl Landsteiner aonyeshe mwaka 1901 kwamba damu za watu hutofautiana kwa makundi, sababu inajulikana: damu ya kundi A ikimwingia mtu wa kundi O, kingamwili zake huzivamia chembe nyekundu ngeni na kuzipasua humo humo mishipani. Na kosa hilo mara nyingi huanzia kitandani, wala si kwenye kipimo. Sampuli imetolewa kwa huyu, kichupa kimeandikwa jina la yule. Ndiyo maana siulizi, "Wewe ndiye fulani?" Mtu mwenye homa kali ataitikia jina lolote utakalomtajia.

Ugomvi wangu hasa ni na ile tabia ya kutundika damu na kuondoka. Dakika 15 za kwanza damu idondoke polepole, na mtu akae hapo. Akae kweli, asipite tu akichungulia. Athari mbaya kabisa huweza kuanza na mililita chache tu: kutetemeka, kiuno kuuma, kifua kubana, au mgonjwa kukwambia "najisikia vibaya" bila kuweza kueleza zaidi. Kauli hiyo usiidharau. Aliye kwenye nusukaputi hana hata hiyo. Yeye utamsoma kwenye presha inayoshuka na mkojo uliogeuka rangi.

Usiku mmoja mama mmoja alivuta shuka hadi kidevuni, meno yakigongana. Joto lilikuwa 36.8 kabla ya kuanza, sasa 38.1. Nikafunga damu. Kanula, ule mrija mdogo ulio mshipani, sikuitoa, kwa sababu mshipa huo huenda ukauhitaji dakika mbili baadaye. Nilibadilisha mpira wote wa kupitishia damu na kuweka maji ya chumvi ya kawaida. Daktari akaitwa, majina yakakaguliwa upya, na mfuko ukarudishwa maabara pamoja na sampuli mpya ya damu. (Mfuko hautupwi, hata kama umebaki kidogo. Nimeona watu wakiutupa kwa aibu, na ushahidi ukaenda nao.)

Ikaja kuonekana ni ile homa ya kawaida isiyopasua chembe, akatulia kwa parasetamo. Aliyekuwa zamu nami akasema tulijisumbua bure. Nilikasirika. Homa ndogo, damu iliyoingia bakteria na kundi lisilooana vyote vinaweza kubisha hodi kwa baridi ile ile, na saa nane ya usiku huna macho ya kuvitenganisha. Kwa hiyo unasimamisha kwanza. Vipele na muwasho peke yake ni habari nyingine: mara nyingi dawa ya mzio hutosha, na daktari akiridhika damu huendelea.

Halafu kuna haraka. Mfuko wa chembe nyekundu umalizike ndani ya saa 4 tangu utoke kwenye jokofu, lakini hilo lisiwe sababu ya kummiminia mzee mwenye moyo dhaifu kana kwamba anajaza ndoo. Akianza kukohoa na kutaka kuketi ili apumue, huenda damu imemzidi. Funga, mketishe, mpe oksijeni, na daktari aamue kuhusu dawa ya kumkojoza.

Yule mzee wa mwanzo nilikaa naye robo saa nzima. Joto halikusogea. Alipoletewa mfuko wa pili, kabla sijafungua mdomo, akataja mwenyewe majina yote matatu, na tarehe.