Chama kinachoogopa kugawa kura

Andrew Yang, aliyewahi kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, alipoanzisha chama cha Forward nchini Marekani mwaka 2021, kejeli ilikuwa ileile: chama cha tatu kina kazi gani zaidi ya kugawa kura za upande mmoja na kuupa ushindi upande wa pili? Wanaokikejeli hawaoni kwamba hiyo ndiyo hoja ya chama chenyewe.

Forward kinataka mchujo wa kuteua wagombea ulio wazi kwa wote, na karatasi ambayo mpiga kura anapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata.

Chukua Florida, mwaka 2000. George W. Bush wa Republican alimpita Al Gore wa Democratic kwa kura 537, na urais ukaamuliwa hapo. Katika jimbo hilohilo Ralph Nader, wa chama kidogo cha Green, alipata zaidi ya 97,000. Si wote wangemwendea Gore. Wapo ambao wasingepiga kura kabisa, na wapo ambao wangemchagua Bush. Lakini 537! Watu hao wanaenea kwenye ukumbi mmoja wa sinema. Tangu hapo, kila anayevutiwa na chama kidogo huambiwa asipoteze kura, naye hurudi kundini shingo upande. Huyo hajashawishiwa, ametishwa. Kwa karatasi ya kupanga angeandika 1 kwa Nader, 2 kwa Gore, akaenda zake.

Wapinzani nao wana lao, na si la kubeza. Alaska ilipoutumia utaratibu huu wa kupanga wagombea mara ya kwanza, Agosti 2022, kujaza kiti chake katika Bunge la Marekani, Mary Peltola wa Democratic alimshinda Sarah Palin baada ya Nick Begich, Republican mwenzake Palin, kutolewa. Kura zaidi ya 11,000 za Begich hazikuhamia popote, kwa kuwa hazikuwa na chaguo linalofuata. Na hesabu zilionyesha kuwa Begich, akikutanishwa na yeyote kati ya hao wawili peke yao, angeshinda. Dosari hiyo watetezi huipita mbio. Ila kwa kura zilezile, kanuni ya anayeongoza kuchukua kiti ingempa Peltola vilevile, maana aliongoza tangu mwanzo kwa asilimia 40.

Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliukataa utaratibu huo; Alaska ilinusurika kuufuta kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Forward chenyewe, mwaka huo, hakikusimamisha mgombea urais.