Huruma kwa chupa B

Muhula ule sayansi ilifika kwenye kuota kwa mbegu, na Mwalimu akasema tusikariri, tujionee. Akaleta chupa 4 za kioo, kila moja ikatiwa pamba na maharage 5. Makavu, hayakulowekwa, maana mbegu iliyolowekwa imeshakunywa maji na chupa ya ukame ingekuwa ya uongo.

Chupa A pamba ililoweshwa. B ikaachwa kavu. C ilimiminiwa maji yaliyochemshwa ili hewa iliyoyeyuka ndani yake itoke, yakapoa kwanza (ukiyamimina ya moto hilo si jaribio tena, ni mapishi), kisha juu yakafunikwa kwa mafuta unene wa sentimita moja hivi, hewa isirudi. D ilikuwa kama A, ila ikapelekwa kwenye jokofu la ofisi ya walimu. Giza la humo halikuwa tatizo. Maharage hayadai mwanga ili yaote.

Mimi nilipewa jedwali la matokeo. Kazi yangu kuandika ninachokiona, basi.

Agizo lilikuwa A ipate vijiko 2 vya maji asubuhi. Halikusema nani. Kwa hiyo wa zamu aliweka, kiranja akahakikisha kwa kuweka, na aliyechelewa akaweka ili naye aonekane. Pamba ikazama. Maji yakajaza kila upenyo uliokuwa na hewa, mbegu zikavimba, zikapasuka, zikawa na utelezi, na dawati la dirishani likahamwa kwa harufu.

Chupa B ilibandikwa karatasi: KAVU. USITIE MAJI. Watoto wakaiangalia na kuumia. Mmoja akapita na kifuniko cha kalamu kimejaa maji, akatazama huku na huku, akamimina. Mchana mwingine naye akapita. Hakuna aliyejua habari za mwenzake, na kifuniko cha kalamu, kwa bahati, ndicho kipimo hasa: pamba hubaki na unyevunyevu na hewa inapita. Mizizi myeupe ikachomoza, kisha shina likajikunja kama ndoano na kuinua ganda juu.

C na D, ambazo hakuna aliyezionea huruma, zilifanya kazi bila kasoro. Hazikuota.

Siku ya matokeo Mwalimu Mkuu aliingia kushuhudia. Hitimisho lilikuwa limeshaandikwa ubaoni: "Mbegu haioti bila maji." Nikaambiwa nisome jedwali.

"A, 0. B, 5. C, 0. D, 0."

Mwalimu Mkuu akainua chupa B, akasoma karatasi, akatazama majani mawili ya kijani, akasoma karatasi tena.

"Mwalimu, hizi mbegu umezitoa wapi? Na mimi nina shamba."

Jaribio likarudiwa, safari hii chupa zote isipokuwa D zikafungiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa Mwalimu. Hakuna aliyeharibu kitu. Hakuna aliyemwagilia A pia. Pamba ikakauka, mbegu zikakauka kabla hazijachomoza mizizi, na kabati lilipofunguliwa A na B hazikuwa na tofauti ila herufi.

Kwenye mtihani swali likaja: taja mambo 3 yanayohitajika mbegu iote. Jirani yangu akaandika maji, hewa, joto la kiasi, na akaongeza la nne: huruma. Mwalimu alimpa alama zote 3, kisha akamwita ofisini aeleze la nne.