Mbuzi Kapita Barabara ya 14

Hivi nyie mnaofungua redio siku hizi, mnatafuta nini humo? Mimi asubuhi nafungua pale kibandani Ngamiani, naziba pancha zangu, mara kijana ananifokea kama ananidai: Ubungo foleni! Haya, Ubungo foleni. Mimi niko Tanga, usafiri wangu baiskeli isiyo na kengele. Foleni ya Ubungo niifanyeje, niichemshe? Akimaliza hapo, mkeka. Weka buku, upate milioni. Wateja wangu buku zote wameshaziweka huko, kwangu wanakuja na "fundi, niandike".

Tulikuwa na mtangazaji wetu bwana. Jina silitaji, mwenyewe kastaafu na hataki fujo.

Wenzake husema saa mbili kamili. Yeye: "Saa mbili kasoro kidogo, aliyechelewa kachelewa." Ya hali ya hewa alikuwa anafungua dirisha, komeo unalisikia kabisa likilia, halafu anatoa taarifa: "Anikeni nguo, ila msiende mbali."

Halafu Coastal Union, hiyo ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Wagosi wakishinda, tunasimuliwa goli mpaka magharibi. Wakifungwa, anakohoa, anasema, "Leo Mkwakwani mpira umechezwa," anaweka taarabu. Basi, umeshajua. Kalenda yake nayo ilianzia 1988, mwaka tuliochukua ubingwa wa Bara. Mvua ikinyesha sana, haijawahi kunyesha hivi tangu 1988. Bei ya dagaa ikipanda, 1988 haikuwa hivi. Wa African Sports walikuwa wakimtukana, lakini redio hawazimi ng'o!

Zamani, kabla sheria ya 1993 haijaruhusu redio za watu binafsi, tulikuwa tunasikiliza Radio Tanzania kutoka Dar. Redio nzuri, sikatai, lakini mbuzi wa Makorora akipotea Dar inamjulia wapi? Huyu wetu mbuzi alimtangaza dakika kwa dakika: "Mbuzi mweusi, sikio moja limekatika, kaonekana Barabara ya 12. Sasa hivi naambiwa kapita ya 14. Nyie wa ya 15, fungeni milango, anikeni muhogo juu." Mji mzima tumesimamisha kazi, tunamfuata mbuzi kwa masikio! Alipokamatwa watu walipiga makofi barabarani, na mwenye mbuzi hata hatumjui.

Ila kwenye kadi za salamu alinimaliza. Mke wangu aligundua kwamba kunituma dukani kwa mdomo ni kupoteza mate, maana mimi nasahau. Akanunua kadi. Nimekaa kibandani, spana mkononi, nasikia: "Salamu hizi zimfikie fundi baiskeli wa Ngamiani, kutoka kwa mkewe mpenzi. Ujumbe: mafuta ya taa yamekwisha, na usirudi bila nazi." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza la kwake: "Fundi, nazi mbili. Moja haitoshi, familia yako naijua."

Jioni kila ninayepishana naye: fundi, nazi? Muuza kahawa: nazi umechukua? Nikipita mikono mitupu kuna mzee barazani ananirudisha sokoni, mzee ambaye hata salamu hatupeani! Mwezi mzima sikuweza kusema sikusikia. Nani Tanga hii hakusikia?

Alipostaafu nikasema alhamdulillahi, nimepona. Zikaja simu. Simu ina adabu: inakata mtandao, inaisha chaji, mtu unaweza kuishi. Nikajinafasi kweli.

Sasa mke wangu kahamia kwenye kundi la ukoo. Anarekodi sauti, anaanza na salamu kwa wote, kisha ujumbe. Juzi katuma, "Fundi, mchele," na mama mkwe kutoka Muheza akajibu kabla yangu: "Na atuonyeshe picha ya kilo."

Mama mkwe, eti! Yule bwana angalau alikuwa akimaliza ananiwekea taarabu.