Zawadi za mahafali zilizofunguliwa kabla ya muda

Aisee kama hujawahi kuwa kamati ya zawadi kwenye mahafali ya darasa la saba shule ya serikali, shukuru Mungu wako. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mchango wa mzazi unauomba kwa adabu zote, anakwambia "ntaleta mwalimu" na wewe unajua haleti, kwa hiyo hela ya zawadi ikapatikana kwa mbinde Ijumaa mchana, ikapewa bodaboda aende mjini kuleta ndoo, mabeseni na kaunta buku. Saa mbili usiku bodaboda hapatikani hewani.

Hedi akasema tufunge chochote kwenye maboksi, mgeni rasmi agawe, picha zipigwe, watoto waje Jumatatu wachukue zawadi zenyewe. Mi nikamuuliza, na wakifungua? Akasema nani anafungua zawadi mbele za watu bana, hawa wana adabu. Basi tukakaa ofisini mimi, mwalimu wa Kiswahili na babu mlinzi, karatasi za maua na selotepu, tunafunga mitihani ya moko ya zamani, vitabu vya mtaala uliopitwa na wakati na maboksi ya chaki yenye mchanga ili yawe na uzito. Babu yeye alikuwa anazoa tu kilichopo mezani anafunga, fundi kweli, kona zake zimenyooka kuliko zetu.

Jumamosi mambo yakapendeza. Turubai, vijora, singeli, risala ikasomwa ikaishia palepale inapoishiaga kila mwaka, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Mgeni rasmi alikuwa mzee mstaafu, mkaguzi wa enzi zile kabla hawajaanza kuitwa wathibiti ubora. Hapo ndo roho ilianza kunidunda.

Ikafika kumi bora (Necta wenyewe waliacha kutangaza bora kitaifa tangu Januari 2023 ila kwetu kumi bora haifi leo wala kesho). Akaitwa binti wa kwanza, akapokea boksi, mama yake anamwaga vigelegele, mzee akashika maiki: "Mwanangu, hebu fungua wenzako waone faida ya kusoma."

Nikamtazama hedi. Hedi anatazama turubai.

Binti akachana karatasi taratibu, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. MC hajui hili wala lile, anapayuka "kaunta buku hiyooo, makofi!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikakijua kile kitabu kabla hajakinyanyua vizuri. Kitabu cha mahudhurio ya walimu! Babu alikizoa mezani.

Sasa mkaguzi hata akistaafu vidole havistaafu. Akamnyang'anya binti kwa upole, akavaa miwani, akaanza kupekua huku maiki iko mdomoni. "Mhm. Jumatano wamefika wote saa moja kamili, na kalamu ni moja." Wazazi kimya. Akafunua ukurasa mwingine. "Leo si Jumamosi? Mbona hapa kuna mwalimu ameshasaini Jumatatu? Amefika saa moja na dakika tano." Akasoma jina.

Jina langu.

Naapa ule mkono si wangu, kuna mwalimu mmoja wa Historia ana tabia ya kusainia watu kwa huruma zake, siku hiyo aliniangalia mara moja akainama kufunga kamba za viatu na alikuwa amevaa ndala. Ila utaanzia wapi kujieleza mbele ya kijiji kizima? Na katikati ya huo moto bodaboda ndo anaingia anapiga honi, mabeseni yamefungwa hadi shingoni, anajieleza eti tairi, tairi.

Mzee akachomoa beseni la kwanza palepale. "Hili ni la mwalimu anayewahi kuliko wote Tanzania, apite mbele." MC akadhani ni tuzo ya kweli, DJ akaachia singeli, na mke wangu aliyekuwa nyuma na wakina mama wenzake hakusikia la kitabu wala nini, alisikia tu jina na beseni, akaja anacheza na kijora chake kunisindikiza hadi meza kuu.

Lile beseni kalikatalia, ndo analoogeshea mtoto.