Niuzie Kimya, Taa Baki Nazo

Juzi tulikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni, wafasiri na wahariri wa mradi mmoja, wengi wetu Kampala, mmoja Nairobi, mmoja Gulu. Dada wa Gulu alikuwa anaeleza malipo yamekwama wapi, habari ambayo kila mtu aliamka mapema kwa ajili yake, na hatukuambulia kitu. Ta-ta-ta-TAK. Ta-ta-TAK. Mwenyekiti akavumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda: "Jamani, anayekaanga bisi naomba azime maiki." Kikapita kimya kidogo. Halafu kaka mmoja akajibu, fahari imemjaa mdomoni: "Samahani, bosi, ni kibodi yangu mpya. Ni ya kazi."

Ya kazi!

Nilimfuata pembeni kwenye WhatsApp. Kumbe dukani aliambiwa kwamba haina waya, ina taa za rangi zote, inashika vifaa vitatu, na haina kelele. Yale matatu ya kwanza ni kweli. La nne ni uongo wa mchana kweupe, tena uongo usio na gharama kwa anayeusema, maana mjini kwetu hakuna mahali pa kuuhakiki. Hilo ndilo lililonikera mpaka nikakaa chini kuandika.

Nendeni William Street, hapa Kampala, mkajaribu. Mimi nilikwenda. Kijana wa duka ni wa Arua, Kiswahili chake kinateleza, akanipokea vizuri: "Karibu, dada. Kibodi? Chukua hii, taa zake zinabadilika mara saba."

"Taa sizitaki. Nataka isiyopiga kelele, niiunganishe na laptopu mbili na simu."

"Hii haina kelele kabisa. Sikiliza." Akabonyeza bonyeza. Nje, spika ya muuza viatu inatangaza bei ile ile kwa sauti ile ile iliyorekodiwa, boda wanapigiana honi, juu ya yote kuna mhubiri na maiki yake. "Umesikia kitu?"

"Sijasikia."

"Si nimekwambia!"

Nikamwuliza swichi zake, vile vidude vilivyo chini ya kila kitufe, ni za aina gani. "Blue," akasema, akabonyeza kitufe, taa zikageuka buluu. Lahaula! Rangi ninayoiulizia iko chini ya kitufe, huioni mpaka ukichomoe. Cherry, kampuni ya Kijerumani, ndiyo iliyowazoesha watu rangi hizo na wengine wakaiga. Buluu imetengenezwa makusudi itoe mlio kila ukibonyeza, ndiyo raha ya wanaoipenda. Kahawia kidole kinahisi kijinundu lakini ule mlio haupo. Nyekundu inashuka moja kwa moja. Na msidanganyike na nyekundu: mlio haina, ila kitufe kikifika chini kinagonga, na kikirudi juu kinagonga tena. Iliyo tulivu kweli ni nyekundu iliyowekewa vipande vya mpira ndani ili kuua ule mgongano, na hiyo mimi mjini hapa sijaiona.

Kwa hiyo mtu wa kawaida anayetafuta utulivu aangalie zile bapa, zenye vitufe vifupi vya aina inayowekwa kwenye laptopu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata ile ya bei ya chini kabisa, yenye tandiko la mpira ndani, inaishinda kwa ukimya ile ya mataa ambayo bei yake ni mara tano. Mpaka vumbi letu jekundu liingie. Hapo Space inaanza kukwama, unaipiga kwa dole gumba kwa nguvu, na utulivu wote umekwisha.

Namna ya kujaribu ipo, hata katikati ya vurugu ile. Usikubali ibonyezwe juu ya kaunta ya kioo, ipakate mapajani. Usihangaike na herufi A wala M, maana vitufe vidogo karibu vyote vina adabu. Nenda kwenye vikubwa: Space, Enter, Backspace. Chini ya hivyo mara nyingi kuna kiwaya cha kuvizuia visipinde upande mmoja, na kiwaya hicho kikikaa vibaya kinatikisika na kulia. Bonyeza Space pembeni kabisa, kushoto, kisha kulia. Iache irudi taratibu, uhisi kwa kidole kama inarudi ikigonga. Halafu washa kinasa sauti cha simu, iweke simu karibu kabisa na vitufe, andika sentensi mbili tatu, vaa eafoni usikilize. Mhubiri atakuwemo, hakwepeki, lakini kama TAK ipo utaisikia ikimpita mhubiri. Muuzaji akikukatalia kuifungua boksi, mwachie boksi lake.

Sasa kuna watu wataniambia hii ni anasa ya Wazungu. Ameshaniambia shemeji yangu: "Kibodi ni kibodi, kwani laptopu si imekuja nayo?" Shemeji ana nyumba ya vyumba vinne, chumba kimoja amekiita ofisi na ndani yake kuna pasi na mifuko ya saruji. Mimi na mdogo wangu tunakaa muzigo, chumba kimoja cha kupanga. Mnaoufahamu muzigo hamhitaji maelezo: pazia katikati, kitanda upande ule, meza yangu upande huu, na kati ya Enter yangu na sikio lake hakuna ukuta. Yeye ni muuguzi, zamu yake ya asubuhi inamtaka aondoke giza bado halijapasuka. Mimi wateja wangu wengine wako Marekani. Saa nane mchana ya New York, majira yao ya joto, kwetu ni saa tatu usiku, na ndipo wanapoanza kutuma: "please, quick one." Quick one ina kurasa arobaini.

Kwa hiyo yeye anapolala ndipo mimi ninapoanza. Na mtu aliyelala hasumbuliwi sana na kelele inayoendelea sawasawa. Jenereta ya jirani analala nayo, mvua ya bati analala nayo. Kinachomtoa usingizini ni kelele ya kushtukiza: aya imekwisha, nimefurahi, nimeipiga Enter. Namsikia anageukia ukutani, kitanda kinalia. Hasemi kitu. Asubuhi anakwenda kupima dawa za watoto wa watu akiwa na macho mekundu, na mimi nimelipwa dola zangu. Mtu asije akaniambia huo ni mjadala wa vifaa vya anasa. Wenye nyumba kubwa ndio wanaoweza kumudu kelele. Sisi wa pazia hatuwezi.

Msaada usio wa gharama kwa ambaye hajapata pesa: kunja kitenge mara mbili, tandika chini ya kibodi. Kelele nyingine ni ya meza, hasa hizi za mbao nyembamba ambazo ndani ni tupu.

Tuje kwenye hivyo vifaa vingi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda likubali, Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi, watu wananiuliza kama nimeshatajirika. Bado. Nilichopata ni laptopu ya pili: ya ofisi, iliyofungwa fungwa isiguswe na mambo binafsi. Ukiongeza yangu na simu, ni vitatu mezani, na mikono ni ile ile miwili. Kibodi ya kufaa ina vitufe vya 1, 2 na 3, unabonyeza kimoja na umehama. Logitech K380, ile ya vitufe vya mviringo iliyoingia sokoni 2015, imeviweka juu kushoto, mahali pa F1 hadi F3, na hata haitaki kidude cha USB, ni Bluetooth tu. Wako wengine wanaofanya vivyo hivyo, sina hisa Logitech. Magic Keyboard ya Apple ni tamu mkononi, lakini inaunganishwa na kifaa kimoja kwa wakati. Kuihamisha ni kazi ya kuingia kwenye mipangilio kila mara, na nani ana muda huo.

Jaribuni kuhama mkiwa dukani, si nyumbani. Bonyeza 2, andika mara moja, uone herufi za kwanza zimepotea au la. Na kiangalie kitaa kidogo cha namba. Mwenzangu mmoja hakukiangalia. Alidhani yuko kwenye simu, anamwandikia dada yake. Kumbe yuko kwenye laptopu, dirisha la gumzo la mkutano liko wazi. "Huyu mzee akianza kuongea hamalizi, niwekee chakula." Mzee aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaendelea kuongea kwa saa nzima.

Simu nayo ina visa vyake. Kibodi ikiwa imeunganishwa, ile ya kwenye kioo inajificha. Uko ndani ya takisi, kibodi iko kwenye begi imewaka, unagusa mahali pa kuandika na hakuna kinachotokea, huku begi likibanwa na abiria wa tatu linamwandikia mteja wako "kkkkkkk". Nunueni yenye swichi ya kuzima pembeni. Sitalirudia hili.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni mpangilio wa herufi. Kibodi nyingi mjini zimechapwa Kimarekani, na laptopu nyingi tulizonazo ni mitumba ya Uingereza. Kibodi haijui imechapwa nini. Inatuma namba ya kitufe, na laptopu ndiyo inayoamua iwe herufi gani. Kwa hiyo unabonyeza kitufe chenye @ inatoka alama ya kunukuu, unajaribu neno la siri mpaka akaunti inafungwa, na kosa si la kibodi. Mbaya zaidi ni pale kifaa kimoja kati ya vitatu kimewekwa ule mpangilio wa Marekani wa kimataifa. Humo kile kialama cha ng' hakitoki peke yake, kinasubiri irabu ili kiipande kichwani. Unaandika ng'ombe, kinatokea "ngómbe". Niliwahi kuhariri ripoti ya mifugo ya Karamoja iliyoandikwa hivyo mwanzo hadi mwisho, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyesalimika. Wekeni mpangilio mmoja kwenye vifaa vyote, siku ile ile mnapotoa kibodi kwenye boksi.

Zile za bei ya kutupa zenye kidude cha USB, ziogopeni kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kwamba kibodi za namna hiyo kutoka kwa watengenezaji wanane zilikuwa zinarusha kila herufi hewani bila kuifumba kwa msimbo, na mtu aliye mbali mita sabini na kitu aliweza kuzisoma. Za Bluetooth hazikuwemo kwenye balaa hilo. Mita sabini, kwenye vyumba vyetu vya kupanga, ni majirani wangapi?

Betri: K380 inatumia mbili ndogo za AAA, na kampuni inadai zinakwenda miaka miwili. MX Keys, dada yake wa bei ya juu, inachajiwa, na kampuni yenyewe inasema ni siku kumi taa zikiwaka, miezi mitano zikizimwa. Mmeona taa zinavyokula? Halafu mtu ananiuzia taa kana kwamba ananizawadia.

Ni ghali, najua. Kibodi ninayoisema mimi inaweza kumaliza bajeti ya chakula ya wiki kadhaa, na sitamcheka yeyote atakayeiacha dukani akaendelea na ya laptopu yake. Kama una kifaa kimoja, unalala peke yako na huna mikutano, nunua hata ya buluu, uichape mpaka mwenye nyumba aje kuuliza. Wapo wanaosema ule mlio unawasaidia kuandika haraka. Inawezekana. Wazime maiki.

Lakini nyie wenye maduka, sikilizeni. Mafundi wa kazi za mtandaoni hapa mjini tunazidi kuongezeka, tunafanya kazi usiku, na tuna pesa ya kitu kimoja kizuri. Toeni kibodi moja ya mfano kwenye boksi, iwekeni kule stoo nyuma, mlango ufungwe, mtu akae nayo dakika tano na simu yake. Akiridhika atalipa bila kuomba apunguziwe. Haya, ataomba apunguziwe, hii ni Kampala. Lakini atalipa.