Barua Yenye Sahihi Nne

Mama yangu mpaka leo hamwamini mtu yeyote anayeandika Kiswahili kitamu. Ukimletea kadi ya harusi yenye tungo ndani, atauliza kwanza nani amekufa. Chanzo chake ni kambi ya vijana ya Gilgil, Kenya, mwaka 1988.

Enzi hizo huingii chuo kikuu hivi hivi. Tangu 1984 kila aliyefaulu kidato cha sita alilazimika kupitia Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, miezi mitatu ya kwata, majembe na kuamka gizani, ndipo apate cheti cha kumfungulia lango la chuo. Mpango huo ulifutwa 1990, wadogo zetu wakaenda kusoma na viganja laini. Sisi tulikwenda na sugu.

Tulikuwa watano kutoka shule moja ya bweni huku Bunyore, magharibi mwa Kenya. Wakati wa kuagana tuliwaahidi vijana wa kidato cha tano kwamba tukifika tutawaandikia, wajue kinachowangoja. Kazi ya kuandika ikamwangukia mwenzetu tuliyemwita Mshairi. Sisi wengine vidole vilikuwa malengelenge matupu, kalamu haishikiki. Yeye malengelenge hakuwa nayo. Alikuwa na kipaji cha kutumwa akahesabu majembe kila kazi ilipoanza.

Sasa, Mshairi huyu likizo moja aliwahi kulala kwetu, na Babu akamkesha kwa habari za Burma. Babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita Bonde la Kabaw mwaka 1944 chini ya mvua isiyojua kukatika. Alimweleza jinsi barua zao zilivyosomwa na maofisa kabla ya kutumwa. Ukitaja mto, mkasi. Ukitaja mji, mkasi. Kwa hiyo askari aliandika tu "niko mahali fulani", na wa nyumbani wakajua aombewe. Mshairi alisikiliza mdomo wazi. Kuanzia hapo kichwa chake hakikurudi tena Kenya.

Siku barua inaandikwa, mimi nilikuwa zahanati. Tulikuwa tukichimba mtaro wa kutolea maji shambani, na hali ya hewa ya Gilgil ina unafiki: alfajiri baridi inakung'atanisha meno, saa nne jua linakukaanga utosi. Foleni ya chai ilikuwa imenipita asubuhi ile. Nikaona nyota mchana, nikaenda chini na jembe langu. Nikanyweshwa maji ya chumvi na sukari, nikaambiwa nilale, nami sikubishana. Kwa hiyo barua ilitiwa sahihi na wanne.

Baadaye niliisoma mara nyingi sana, hata sasa naweza kuighani:

"Tuko mahali fulani. Zaidi ya hapo haturuhusiwi kusema. Tangu alfajiri tumo ndani ya handaki. Usiku adui hutuvamia na damu humwagika, kukipambazuka ametoweka asionekane. Jana mwenzetu alianguka. Alianguka ameikumbatia silaha yake, wala hakutoa sauti. Tulimbeba watu wanne, na pale alipoangukia tumeweka jiwe. Msitulilie. Kesho tunasonga mbele."

Na ukweli usemwe, hakuna neno la uongo humo. Handaki ni ule mtaro. Adui ni kunguni. Silaha ni jembe. Jiwe liliwekwa kwa amri ya afande, ajue nilikomea wapi, nikipona nianzie hapo hapo.

Shuleni barua ilimfikia mwalimu wa zamu, na kwa bahati yetu mbaya zamu ile ilikuwa ya mwalimu aliyefundisha watoto tamasha za maigizo. Aliisoma mbele ya shule nzima, akipunguza sauti penye "alianguka" na kunyamaza kabisa penye "jiwe". Kisha akahesabu sahihi kwa kidole. Nne.

"Walioondoka hapa walikuwa wangapi?"

"Watanooo!" shule ikajibu.

Naambiwa kwaya ilianza wimbo wa maziko bila kuambiwa.

Usiwacheke upesi. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalikuwa yamerushiana risasi pale Busia, mpaka ukafungwa, na huku kwetu Busia si mbali. Watu walikuwa bado wanalala sikio moja wazi. Barua ilipotua, kila mtu akajipigia hesabu: kumbe ile kwata ya wanafunzi ilikuwa na sababu yake! Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshafia mpakani. Kufikia jioni kulikuwa na mtu aliyesikia kutoka kwa mtu kwamba nilizuia kifaru.

Kijana mmoja wa kutwa wa kijijini kwetu aliomba barua ile akaipeleka nyumbani mbio. Mama alikuwa anachambua mrenda. Majirani walijaa uani kabla hajasimama. Babu peke yake ndiye aliyetaka karatasi yenyewe. Akavaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akafuta miwani.

"Mahali fulani," alisema. "Huyu yuko mstari wa mbele."

Hapo Mama ndipo aliposhika kichwa, maana sasa aliyesema si mtoto wa shule, ni mtu aliyeona vita kwa macho yake. Lakini Babu alikuwa hajamaliza. Aligeuza bahasha, akaileta karibu na pua, akatazama muhuri wa posta uliopigwa juu ya stempu. Herufi zilikuwa zimefifia upande mmoja ila zinasomeka: GILGIL.

"Jeshi la siku hizi bure kabisa," akasema kwa uchungu. "Muhuri wameuacha!"

Wakapanda treni Luanda, wakabadilisha Kisumu, wakasafiri usiku kucha. Babu alivaa koti lake la jeshi na medali zote, ile Nyota ya Burma mbele. Mama alibeba kuku mzima, jogoo. Nilipomuuliza baadaye kuku alikuwa wa nini, alinijibu kwamba kama ni mgonjwa angekunywa mchuzi, na kama ni maiti wachimba kaburi wangekula. Mama hafanyi safari bila kupiga hesabu.

Walishuka Gilgil alfajiri. Mama akamuuliza mtu wa mkokoteni, "Baba, vijana wa jeshi walioanguka wako wapi?" Yule bwana, mwungwana wa watu, akawaongoza moja kwa moja mpaka makaburi ya vita. Safu za mawe, nyasi zimekatwa vizuri, majina na namba za askari. Mama alipaza kilio akaanza kutafuta jina langu safu ya kwanza. Babu akainama kwenye jiwe, akatazama mwaka, akaenda la pili, la tatu.

"Binti yangu, nyamaza," akamwambia. "Hawa ni wa rika langu. Wako hayupo hapa."

Getini kwetu walifika wakati gwaride limepamba moto. Mlinzi akauliza shida yao. Babu akapiga saluti iliyomfanya mlinzi naye apige bila kufikiri, kisha akatoa Kiswahili chake cha KAR: "Mimi nataka ona mkubwa yako. Lete mtoto yangu, mzima ama kufa." Mama kusikia "kufa" akaachia ukemi, na mikono ikaachia jogoo.

Jogoo aliingia uwanjani kwa hatua za jemadari. Vijana mamia, miguu pamoja, macho mbele, na amri ni moja: ukitikisika unakiona. Kuku akakagua safu ya mbele, akageuka, akakagua safu ya pili, akadonoa kamba ya kiatu cha mtu. Hakuna aliyethubutu. Nasikia mmoja alilia machozi kwa kuzuia kicheko. Afande mwenyewe alisimama na kijiti kwapani, amesahau amri inayofuata, kwa sababu katika mafunzo yote aliyopewa kuku hakuwamo.

Mimi nilikuwa fatiki jikoni, nimeingia ndani ya sufuria la maharagwe mpaka kiunoni nikilikwangua. Nikasikia sauti ya mama yangu. Sauti ile huikosei hata ukiwa ndani ya chuma. Nikatoka mbio jinsi nilivyo, masizi kuanzia nywele mpaka tumboni. Mama aliponiona hivyo, mweusi tii, macho na meno tu, alirudi nyuma hatua mbili akamwita Yesu. Kisha akanikaribia, akanigusa shavu kwa kidole, akakitazama kidole, akanizaba kofi la nguvu ambalo nililipokea nikiwa sina hata habari ya barua.

Ofisini barua ilisomwa kwa mara ya tatu. Mkuu wa kambi alishindwa kufika penye jiwe, akaomba maji. Babu hakucheka. Alitaka kuonyeshwa handaki. Tukampeleka mtaroni, naye akashuka ndani na koti lake na medali zake. Ulimfika magotini.

"Hili?" akamuuliza Mshairi. "Burma hapa tungetupa maganda ya viazi."

Mshairi aliruka kichura kuuzunguka uwanja mpaka magoti yakakataa, naye jogoo tukamla jioni. Lakini Babu hakuondoka kabla ya kunywa chai na mkuu wa kambi na kumshauri jambo moja la kikazi. Kuanzia wiki ile barua zetu zote zilipita mezani kwa afande, na afande alikuwa na mkasi. Barua ya pili ya Mshairi ilifika shuleni ikiwa na "Hamjambo" juu, "Wasalaam" chini, na dirisha katikati.

Mimi niliandika yangu kumjulisha mwalimu kwamba mimi ni mzima, na kuulizia kwa adabu ile rambirambi, maana nilikuwa nimesikia vijana walinichangia na hali yangu ya mfukoni haikuwa nzuri. Alinijibu upesi. Alifurahi sana kwamba ninaishi. Fedha, alisema, zilikuwa zimekwisha kununua mpira wa voliboli kwa kumbukumbu yangu, na jina langu limeandikwa juu yake kwa wino. Wanaupiga kila jioni.