Tatizo siyo "yeah", tatizo ni mkia

Leo naongelea namna ya kujibu ndiyo kwa Kiingereza, ila nianze na aibu yangu mwenyewe ili baadaye nikianza kuwasema watu msiseme najifanya najua. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Kigoma, wageni wetu wengi ni wale wa kwenda Gombe kuangalia sokwe, na mwezi wa kwanza tu nimeanza kazi, Kiingereza changu cha fomu foo bado kina vumbi la chaki, akatokea babu mmoja Mwingereza na begi lake mgongoni akaniuliza, "So there's no boat today?" Mi nikajibu "Yes". Si ndo jibu lenyewe jamani? Mtu akikuuliza leo hakuna boti, na kweli hakuna, unasema ndiyo, hakuna. Babu akatabasamu, akanishukuru, akapanda bodaboda mpaka Kibirizi, akakaa kule mchangani pembeni ya kina mama wanaoanika dagaa kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana, akarudi mwekundu kama mawese. Wala hakufoka. Aliniuliza tu taratibu, "But you said yes?" na mi, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikamjibu "Yes sir".

Baadaye sana ndo nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Sisi ndiyo yetu inamjibu mtu: umesema kweli, ndiyo, umekosea, hapana. Kiingereza hakimjibu mtu, kinajibu boti. Boti ipo, yes. Haipo, no. Swali lije limepinda vyovyote, wao wanaangalia boti tu. Na cha kuchekesha, zamani Waingereza walikuwa na maneno manne ya kujibia, "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali lenye ukanushi ndani yake, na hiyo "yes" kazi yake ilikuwa kupinga kabisa, yaani mtu akisema hakuna boti we unamwambia yes, ipo bwana. Wafaransa mpaka leo wana "si" ya kazi hiyo hiyo, Wajerumani wana "doch". Miaka ya 1530 Thomas More, mwandishi na mwanasiasa wao mmoja, alimshukia William Tyndale, yule mtafsiri wa Biblia, kwamba anachanganya "no" na "nay", kwa hiyo hata wenyewe yalikuwa yanawashinda, na mwishowe yes ikabaki peke yake inabeba mizigo yote miwili. Kwa hiyo iwe Kiingereza cha kale iwe cha leo, nilichomwambia yule babu ni kimoja: boti ipo, nenda kaisubiri.

Sawa, hiyo ilikuwa shida ya maana. Mi leo nataka kuongelea shida ya adabu, maana juzi dogo mmoja tuliyemwajiri kubeba mizigo alimjibu mgeni "yeah" na meneja akamtoa nje kumsema nusu saa nzima, eti anatuaibisha, mgeni anajibiwaje kihuni vile. Na mgeni mwenyewe alikuwa keshaenda zake kuoga, hana habari.

Najua meneja kaitoa wapi. Wote tumeitoa huko huko. Shule niliyosoma mimi ukijibu "yeah" darasani unapiga magoti mpaka kipindi kiishe, mwalimu anasema hiyo ni lugha ya wanamuziki, we jibu yes, yes sir, yes madam. Tukatoka pale tunaamini yes imevaa suti na yeah imevaa kaptula. Afu nikafika mapokezi nikaanza kusikiliza watu wenyewe wenye lugha yao, na mi nina tabia ya umbea kidogo nakiri, nikamsikia mtafiti kijana anamjibu profesa wake "yeah", bibi kizee anamwambia mumewe "yeah", mtu na daktari wake kwenye simu "yeah, yeah, okay". Hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Walichokunjia uso ni kingine. Asubuhi moja kulikuwa na mama Mwingereza na mtoto wake wa kiume, miaka saba hivi, mhudumu wetu anapita na birika la maziwa, anamuuliza dogo anataka, dogo akajibu "Yes". Yes kamili, ile ya suti. Mama yake akamgeukia, "Yes what?" Mtoto akainama, "Yes please". Mi nilishika daftari langu nikajikaza nisicheke kwa sababu pale pale nilimsikia bibi yangu wa Ujiji. Bibi akiita, "We mtoto!" na we ukajibu "Eee?" basi umekwisha, anakuuliza, "Ee nani? Mi mbuzi mwenzio?" na ulikuwa unarudi nyuma kabisa unaanza upya, "Abee bibi". Kaka zangu "Naam bibi". Kwa hiyo hata wao wanajua. Neno lenyewe ni kichwa tu, kinachoangaliwa ni mkia. Wao mkia wao ni "please", au wanarudia kitenzi kidogo, umeuliza umekula, wanajibu "Yes, I have", hawaachi yes imesimama peke yake kama nguzo ya umeme. Yeah yenye mkia, "yeah, please", "yeah, that'd be lovely", inapita popote. Yes isiyo na mkia ndo yenye baridi.

Hata Warundi wanaoleta vitenge pale soko la Mwanga, wakikujibu "ego" bila kitu nyuma ujue bei haishuki, ila akisema "ego mama" kaa kitako, mnaongea.

Na kwa sisi wa Kigoma mfano mkubwa uko nyumbani. Pale Ujiji chini ya miembe, penye mnara, ndo panasemekana Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Livingstone, yule mmisionari, mwaka 1871, na kila mtu anajua lile swali lake la "Dr. Livingstone, I presume?", yaani nadhani we ndo Daktari Livingstone. Hakuna anayeuliza jibu lilikuwa nini. Jibu lilikuwa "Yes". Basi. Stanley kaandika kwenye kitabu chake cha 1872 kwamba Livingstone alisema yes kwa tabasamu la upole huku akiinyanyua kofia yake kidogo, kwa hiyo mkia upo, ila uko mkononi. Wanahistoria wanabishana kama lile swali kweli lilitamkwa vile, maana kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, mi hapo siingii. Kinachonivutia ni kilichotokea kabla ya hapo kwenye kitabu hicho hicho na watu hawakisomi. Wa kwanza kumsalimia Stanley kwa Kiingereza siyo Livingstone, ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley anamuuliza, Livingstone yupo hapa? "Yes, sir". Kijiji hiki hiki? "Yes, sir". Una uhakika? "Sure, sure, sir", nimemwacha sasa hivi tu.

Hebu angalia. Susi, ambaye miaka miwili baadaye yeye na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao ndo waliubeba mwili wa Livingstone kutoka ndani kabisa ya Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, anaulizwa mara tatu na mara zote tatu anatia "sir". Bosi wake anaulizwa mara moja, ananyanyua kofia, imetosha. Na ile "sure, sure" mi naipenda kuliko yes zote, nasikia Kiswahili kabisa kinapumua mle ndani, kweli kweli, kabisa kabisa, mtu kachukua neno la watu kalipiga mara mbili kama tunavyopiga yetu. Ile "yes sir" tuliyopigishwa magoti shuleni naona ilitoka kwenye mstari wa Susi, siyo wa Livingstone. Tulifundishwa Kiingereza cha kuitikia ukiitwa.

Haya, maneno mengine niyapitie haraka haraka. "Yep" na "yup", sikiliza mdomo wako ukisema, midomo inafungana mwishoni, pu, kama mlango. Ni nzuri kwa vitu vidogo, geti umefunga? Yep. Ila mtu akikuuliza kama kweli umefiwa, yep haifai, utaonekana huna moyo. "Aye" nimeisikia kwa wageni wa Scotland, nilidhani wananishangaa, kumbe kwao ni ndiyo ya kila siku, na Bunge la Uingereza mpaka leo linapigia kura "aye". "Okay" yenyewe ilianza kama utani kwenye gazeti moja la Boston mwaka 1839, watu walikuwa wanafupisha maneno kwa kuyakosea makusudi, "oll korrect", afu mwaka uliofuata ikaingia kwenye kampeni za urais za Van Buren huko huko Marekani, na sasa hivi mpaka bibi yangu asiyejua hata neno moja la Kiingereza anasema okei.

"Of course" iogopeni. Sisi tunaifikiria ni bila shaka, na bila shaka yetu ni tamu, inamkaribisha mtu. Mgeni wa kike aliniuliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba, nikamjibu "Of course" na tabasamu kubwa, nikaona uso umebadilika. Ukiuliza kitu usichokijua ukaambiwa of course, ni kama umeambiwa kwani we hujui? Ingekuwa ameniomba kitu, labda anaomba taulo la pili, hapo of course ingekuwa asali. Neno moja, swali tofauti, moja ukarimu na lingine dharau.

Na Wamarekani wana "uh-huh". Hii ilinichukua muda kuisamehe. Namrudishia mgeni chenji yake na yeye ananishukuru, hiyo sawa, lakini siku mimi ndo nimemshukuru kwa bakshishi, ananijibu "uh-huh" na anaendelea kutafuta miwani yake. Kwetu mtu ukimwambia asante akakujibu "mhm", hiyo ni vita, familia zinaacha kutembeleana. Nilinuna siku nzima. Baadaye nikaona wanajibizana hivyo hivyo wao kwa wao, mke na mume, na "sure" nayo wanaitumia kujibu asante, hawana neno kabisa, ni kama sisi tunavyosema haya. Nimesamehe, ila mwili bado unashtuka.

Kwa hiyo meneja wangu, kama unasoma hii, yule dogo hakukosea. Alisema "yeah", akabeba begi la mgeni kwa mikono miwili, akatangulia kumwashia taa ya ngazi. Anayetuaibisha ni mtu fulani ambaye nikimwandikia ujumbe mrefu, shikamoo, naomba ruhusa kesho nampeleka mama kliniki, nitarudi mchana, samahani kwa usumbufu, ananijibu "Ok" na nukta. Nukta! Mtu hana muda wa kuandika marahaba ila muda wa nukta anao.

Wiki iliyopita bibi alinipigia nikiwa kaunta, nikaitikia "Abee bibi", na kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anasubiri ufunguo akaniuliza hiyo abee ndo nini. Nikamwambia ni yes, ile ya heshima. Akafurahi sana, akaiandika kwenye simu. Nilikuwa na wateja wawili mbele yangu, sikupata nafasi ya kumalizia. Jioni akarudi kutoka Mwanga na mgebuka wake wa kukaanga kwenye gazeti, ananiuliza kwa nini kila akiitwa na kina mama wa sokoni, "Mzungu! Mzungu!" na yeye akiitikia "Abee!" wanaanguka kwenye meza za nyanya kwa kicheko. Mmoja alimwita mara sita.

Nikamwambia, we ni mwanaume kaka, we sema naam.